Mawingu ya barafu na leza: mwongozo wa kusafisha data za Kilimanjaro na Meru

Wingu zito halidanganyi. Mwanga wa leza ukitoka kwenye setilaiti na kugonga wingu la mvua lililoufunika msitu juu ya Machame, unaishia humo humo. Faili linarudi bila ardhi, na unajua pale hakuna kipimo. Cha kuogopa ni lile wingu la juu sana, jembamba, ambalo mtu aliyesimama Boma Ng'ombe au Njiro atakuambia leo kweupe kabisa. Mwanga unalipenya, unafika chini, unarudi, na namba inatoka ikiwa na sura ya namba nyingine zote. Kumbe njiani umepungua, au umechelewa, na mara nyingi vyote viwili.

Mwongozo huu ni wa anayetumia data hizo za leza, zinazopima urefu wa miti na kimo cha ardhi na barafu, kwenye eneo letu: mwanafunzi wa Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru, afisa misitu wa Moshi, mpima ardhi, mtaalamu wa kaboni, au yeyote anayefuatilia barafu ya Kibo. Huhitaji shahada ya fizikia. Unahitaji kompyuta yenye QGIS (programu ya ramani) au Python (lugha ya kuandikia programu), akaunti ya bure ya Earthdata, hifadhi ya data ya NASA, na subira ya kufungua safu za mafaili ambazo wengi huziruka. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu urefu wa miti ukishaingia kwenye ripoti hutumika kugawa pesa za kaboni, kubishania mipaka ya hifadhi na kutetea maji ya mifongo, ile mifereji ya jadi ya Wachagga, na ni nadra mtu kurudi nyuma kuuliza siku ile angani kulikuwa na nini.

Kinachotokea juu ya vichwa vyetu

Kipimo cha leza, yaani lida, hutuma mpigo mfupi wa mwanga na kuhesabu muda mpaka mwangwi urudi. Kila nanosekunde ya kusubiri ni sentimita 15 za umbali, ukishagawa safari ya kwenda na ya kurudi. Kwa hiyo mwanga ukichelewa kidogo tu, ardhi huonekana iko chini kuliko ilipo.

Mawingu ya sirusi, yale ya nyuzi na utandu mweupe, kwetu hukaa juu mno: kuanzia kilomita 10 hivi hadi 16 au 17, kwa sababu tabaka la chini la angahewa ni nene zaidi katika tropiki kuliko Ulaya. Sehemu kubwa ya huko baridi hupita nyuzi 40 chini ya sifuri, na karibu na mpaka wa juu hufika 70 au 80. Kwenye baridi ya namna hiyo tone la maji haliwezi kubaki maji. Kilichopo ni fuwele za barafu: vibamba vya pembe sita, vijiti vya pembe sita, na mafundo ya fuwele zilizoshikana. Nyingi zina ukubwa wa makumi hadi mamia ya mikromita, yaani ni kubwa mara nyingi kuliko urefu wa wimbi la leza zinazotumika sana, ambazo ni za kijani za nanomita 532 na za infraredi za nanomita 1064.

Ukubwa huo na zile pembe sita ndivyo chanzo cha usumbufu wote. Karibu nusu ya mwanga unaokutana na fuwele kubwa haurudi wala haupotei. Hupinda kidogo tu na kuendelea mbele. Kwa fuwele ya mikromita 60 na leza ya kijani, mpindo huo ni kama nusu digrii. Mwanga wa namna hii bado unaweza kufika ardhini na kurudi kwenye darubini, lakini umezunguka. Kisha kuna ule unaoingia ndani ya fuwele, ukagonga nyuso zake na kutoka ukiwa umebadili upande wa mtetemo wa mawimbi yake (polarization). Na vile vibamba, vinapoanguka, hulala bapa kwa sababu ya hewa inayovisukuma kutoka chini, vikawa vioo vidogo vinavyotazama juu na chini.

Hatua ya 1: Jua kazi yako inaumizwa na kipi

Usianze kuchuja kabla ya kujibu swali hili: unapima urefu wa mti, au kimo cha ardhi juu ya usawa wa bahari?

Urefu wa mti ni tofauti ya miangwi miwili ndani ya mpigo mmoja, wa majani ya juu na wa ardhi. Yote miwili imepita kwenye wingu lile lile, ikacheleweshwa karibu sawasawa. Ukitoa mmoja kwenye mwingine, ucheleweshaji unajifuta wenyewe. Kinachouma hapa ni mwanga kupungua, kwa sababu mwangwi wa ardhi chini ya msitu mnene ni dhaifu tangu mwanzo. Ukipungua zaidi unazama kwenye kelele, na programu inachukua kichaka cha chini ikidhani ndiyo ardhi. Kwenye bonde la Mrusungu, upande wa kusini wa Kilimanjaro, ndiko ulikopimwa mti mrefu kuliko yote inayojulikana Afrika: Entandrophragma excelsum, wa ukoo mmoja na mikangazi, mita 81.5, matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Chukua mti wa mita 60 kwenye bonde kama hilo, wenye vichaka na miti midogo ya mita 15 chini yake. Programu ikikosa ardhi na kushika vichaka, unaandikiwa mti wa mita 45. Hakuna atakayeshtuka, maana miti ya mita 45 ipo.

Kimo cha ardhi, au cha barafu ya Kibo, ni kinyume chake. Mwangwi wa barafu tupu au mchanga una nguvu ya kutosha hata ukipungua kwa nusu. Kinachouma ni ucheleweshaji. Wa misitu, weka nguvu zako kwenye hatua ya 4. Wa barafu na miinuko, kwenye hatua ya 5.

Hatua ya 2: Tazama juu na uandike

Kama uko uwanjani siku ambayo setilaiti inapita, macho yako ni chombo cha kwanza. Jisitirie jua kwa ukingo wa paa au nguzo ya umeme, usilitazame moja kwa moja. Nyoosha mkono, tanua vidole, weka ncha ya kidole gumba kwenye jua. Kama kuna duara la mwanga lililolizunguka jua na linapita karibu na ncha ya kidole chako kidogo, umeona duara la digrii 22. Shibiri ya mkono ulionyooshwa ni karibu kiasi hicho hicho. Duara hilo hutengenezwa na fuwele za pembe sita, si kwa matone ya maji, kwa hiyo ukiliona umethibitisha barafu juu yako bila chombo kingine chochote. Usiku wenye mbalamwezi hulionyesha pia, na usiku ndio wakati mzuri zaidi wa data za leza.

Kuna alama ya pili yenye maana zaidi. Kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni, jua likiwa chini, tazama pembeni mwake kulia na kushoto kwa kimo kile kile. Ukiona madoa mawili angavu yenye wekundu upande wa jua, hayo ni ya vibamba vilivyolala bapa. Siku hiyo tarajia miangwi ya kioo niliyoitaja.

Kutoona duara si ushahidi kwamba hakuna barafu. Wingu lenye unene wa kimwanga, yaani kipimo cha jinsi linavyozuia mwanga, ulio chini ya 0.03 jicho halilioni kabisa, na karibu na mpaka wa juu wa tropiki mawingu hayo ni ya kawaida. Hivyo andika ulichoona, pamoja na saa. Hapa watu wengi hukosea: ukiandika saa mbili asubuhi, hiyo ni 08:00 ya Afrika Mashariki, lakini ni 05:00 kwa saa ya dunia (UTC) ambayo mafaili hutumia. Ndani ya data za ICESat-2 na GEDI, vyombo viwili vya leza vya NASA vilivyo angani, muda umewekwa kwa sekunde tangu mwanzo wa mwaka 2018, kwa hiyo ugeuze wote kuwa saa moja kabla ya kulinganisha chochote.

Hatua ya 3: Soma anga kutoka kwenye chombo chenyewe

ICESat-2, iliyorushwa Septemba 2018, hutuma mipigo 10,000 kwa sekunde na huandika pia mawingu iliyopita. Faili la anga ni ATL09. Faili la ardhi na mimea ni ATL08, na la barafu ni ATL06. Katika haya mawili ya mwisho kuna safu iitwayo msw_flag, inayoonya juu ya mwanga uliopotoka njiani. Sifuri maana yake hakuna tabaka lililoonekana. Moja ni tabaka lililo zaidi ya kilomita 3 juu ya ardhi, na ndilo la sirusi yetu. Mbili ni tabaka kati ya kilomita 1 na 3, tatu ni chini ya kilomita 1, nne na tano ni theluji inayopeperushwa na upepo. Hasi moja ni kwamba haikuweza kujua, nawe usiichukulie kuwa sifuri. Mchana hutokea kwamba mwanga wa jua umeficha wingu jembamba, kwa hiyo sifuri ya usiku ina uzito kuliko sifuri ya saa saba mchana.

Sasa kuna mtego ambao watu wa nchi za baridi hawakutani nao sana, ila sisi unatuhusu moja kwa moja. Mipigo 10,000 kwa sekunde maana yake mpigo mmoja unafuata mwingine kwa nafasi ya kilomita 30, ambazo ni kilomita 15 za umbali ukishagawa safari ya kwenda na ya kurudi. Chombo hakiwezi kujua mwangwi ni wa mpigo upi, kwa hiyo wingu lililo juu ya kilomita 15 huandikwa likiwa limeshushwa kilomita 15. Utandu wa barafu ulioko kilomita 16.5 unaonekana kwenye faili ukiwa kilomita 1.5, yaani umekaa juu kidogo ya paa za mji wa Arusha, ambao uko mita 1,400 hivi. Ukiusoma bila kujua, utaandika kwamba asubuhi hiyo Arusha ilikuwa na ukungu, na utatupa data nzuri au kueleza kosa lako kwa sababu isiyo yake.

Namna ya kuugundua: kwanza angalia safu ya cloud_fold_flag ndani ya ATL09, iliyowekwa kwa kazi hiyo. Pili, utumie mlima. Chora mstari wa kimo cha ardhi juu ya picha ya anga kando ya njia ya setilaiti. Ukungu wa kweli hukatika unapokutana na mteremko au huupanda. Tabaka lililoshushwa kutoka juu linaendelea kwa kimo chake cha kilomita moja na nusu hata pale ambapo ardhi iko mita 2,500. Ukiona wingu limepita ndani ya mlima, huna la kujiuliza tena. Ni barafu ya kilomita 16 na kitu.

Kwa historia ya eneo, chukua kumbukumbu za CALIPSO, setilaiti iliyopima mawingu kwa leza ya rangi mbili kuanzia 2006 hadi 2023. Kwa siku za sasa ipo EarthCARE ya Ulaya na Japani, iliyorushwa Mei 2024. Hizo zitakuonyesha miezi ambayo sirusi hutanda zaidi juu yako, ili upange kazi mapema.

Hatua ya 4: Chuja miangwi iliyopungua

Hii ndiyo hatua inayookoa data za misitu. Kwanza pata picha ya kiasi kinachopotea. Mwanga hupita wingu mara mbili, na sehemu inayobaki moja kwa moja ni e kwa kipeo cha hasi mbili mara unene wa kimwanga. Unene wa 0.03 unabakiza asilimia 94. Hilo halina shida. Unene wa 0.3, wingu ambalo jua linapita na kuacha vivuli vikali ardhini, unabakiza asilimia 55. Unene wa 1 unabakiza asilimia 14. Unene wa 3 unabakiza robo ya asilimia moja, na hapo kipimo kimekwisha. Angalia lile la 0.3 tena: siku ambayo mtu wa kawaida angeanika nguo bila wasiwasi, mwanga wako umepungua karibu nusu.

GEDI, iliyoko kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga tangu Desemba 2018, hupiga leza ya nanomita 1064 kwenye madoa ya mita 25. Katika faili la L2A fanya hivi, kwa mpangilio huu.

Bakiza madoa yenye quality_flag ya 1 (kipimo kinafaa), na degrade_flag ya 0 (mahali pa doa panaaminika). Wengi wanaishia hapa, na ndipo makosa yanapobaki.

Fungua safu ya sensitivity. Inakuambia msitu unaweza kufunika ardhi kwa kiasi gani na bado mwangwi wa ardhi ukaonekana kwa nguvu iliyokuwepo wakati ule. Sirusi ikipunguza mwanga, namba hii inashuka. Hiki ndicho kipimo chako cha wingu hata kama hakuna aliyekuambia kuna wingu. Kwa mashamba ya kihamba, yenye migomba na kahawa chini ya miti ya kivuli, mimi hukubali 0.95. Kwa msitu wa asili juu ya ukanda wa Nusu Maili, ule unaotenganisha vihamba na hifadhi, nadai 0.98. Utapoteza madoa mengi. Yaache yaende.

Bakiza ya usiku, yaani solar_elevation iliyo chini ya sifuri. Mchana sirusi ina madhara mara mbili: inapunguza mwangwi wako, na papo hapo inatawanya mwanga wa jua kuelekea kwenye darubini.

Kwenye msitu mnene tumia miale yenye nguvu kamili tu: BEAM0101, BEAM0110, BEAM1000 na BEAM1011. Ile mingine minne imetokana na leza iliyogawanywa, na chini ya wingu haina akiba.

Halafu kagua mteremko. Doa la mita 25 kwenye mteremko wa digrii 30 lina tofauti ya kimo ya zaidi ya mita 14 kutoka ukingo hadi ukingo. Mwangwi wa ardhi unatawanyika kwenye mita hizo zote na kilele chake kinakuwa kifupi. Ukiongeza sirusi juu yake, ardhi ya korongo la Kilimanjaro inapotea kabla ya ile ya tambarare yenye msitu ule ule. Ndiyo maana ramani isiyochujwa vizuri huonyesha miti mifupi kwenye makorongo, mahali ambapo ukienda kwa miguu ndipo penye miti mirefu kuliko yote.

Mwisho wa hatua hii, chukua madoa machache ya jirani ya njia moja na ufungue mawimbi yake kwa macho, faili la L1B. Doa zuri lina vilima viwili au zaidi, na cha mwisho, cha ardhi, kimesimama wazi juu ya kelele. Doa la chini ya sirusi lina kilima cha majani, kisha mkia unaoshuka taratibu na kupotelea kwenye mikwaruzo ya kelele. Ukishaona matano ya kila aina utayatambua upesi kuliko kanuni yoyote.

Hatua ya 5: Kadiria ucheleweshaji

Hatua hii ni ya wanaopima vimo. Fotoni, yaani chembe ya mwanga, iliyopindishwa na fuwele huangukia pembeni ya mahali ilipolengwa. Kama imeangukia nje ya duara linaloonwa na darubini, haihesabiki. Kwa hiyo duara hilo ndilo linaloweka kikomo cha kosa. Chukua nusu ya kipenyo chake, izidishe kwa yenyewe, gawanya kwa mara nne ya kimo cha wingu juu ya ardhi. Unapata kosa kubwa kabisa la umbali kwa fotoni iliyopinda mara moja.

Darubini ya ICESat-2 huona duara la mita 40 na kidogo, basi tumia 20. Sirusi ikiwa kilomita 12, juu ya tambarare za Moshi kuna kama mita 11,000 hadi ardhini, na jibu ni sentimita 0.9. Wingu lile lile juu ya Kibo, yenye mita 5,895, limebaki na mita 6,000 tu, na jibu ni sentimita 1.7. Mlima umelisogelea wingu, na kosa limekaribia kuwa mara mbili. Wingu la chini, kilomita moja juu ya ardhi, linaweza kufika sentimita 10. Ndiyo sababu msw_flag hupanda namba kadiri tabaka linavyoshuka.

Hizo ni za fotoni iliyopotoka kupita zote. Wastani wa kundi ni mdogo zaidi, kwa kuwa fotoni zilizonyooka zimo ndani yake. Lakini kumbuka ICESat-2 ilitengenezwa kwa lengo la kugundua badiliko la sentimita 0.4 kwa mwaka kwenye barafu za ncha za dunia. Kwa barafu ya Kibo, sentimita moja isiyo ya kwake ikijirudia kila msimu wa mawingu inaweza kuonekana kama mwenendo. Ukilinganisha na ICESat ya kwanza, ya 2003 hadi 2009, kuwa mkali zaidi, kwa sababu darubini yake iliona duara pana mara kadhaa, na kosa hukua kwa kipeo cha pili cha upana.

Jaribio zuri la mahali petu: tafuta njia za setilaiti zinazokatiza tambarare za Sanya wakati wa kiangazi, nyasi zikiwa zimeliwa. Linganisha kimo cha usiku usio na tabaka na kile cha usiku wenye msw_flag ya 1, mahali pale pale panapopishana. Tofauti utakayoipata kwenye wastani wa sehemu nyingi ndiyo utakayoitaja kwenye ripoti yako.

Hatua ya 6: Kama una lida ya ardhini

Wachache wanayo, ila mashine za leza za kupima kimo cha mawingu, kama zinazotumika kwenye viwanja vya ndege, ni za jamii hii, kwa hiyo hatua hii si ya anasa.

Usiielekeze wima kabisa. Iinamishe digrii 3 hadi 5. CALIPSO ilianza kazi ikitazama chini kwa mwinamo wa digrii 0.3 tu, ikawa inapigwa na miangwi ya vibamba vilivyolala. Novemba 2007 ikainamishwa hadi digrii 3, na miangwi hiyo ikapungua sana. Vibamba hivyo hupendelea baridi ya nyuzi 10 hadi 20 chini ya sifuri, na kwetu hiyo ni kama kilomita 6.5 hadi 8, juu kidogo tu ya kilele cha Kibo. Mawingu ya juu zaidi huwa na vibamba vichache vilivyolala.

Mwangwi wa vibamba ni mkali sana na haujageuza upande wa mtetemo, kwa hiyo unafanana na wa matone ya maji. Na maji yasiyoganda hata chini ya sifuri yapo kweli kwenye vimo hivyo. Kuvitenganisha, badilisha mwinamo na utazame. Mwangwi ukishuka ghafla na mtetemo wa pembeni, yaani mwanga uliogeuzwa upande, ukapanda, ni vibamba. Usipobadilika, ni maji. Tena wingu la maji huuzima mwanga ndani ya mita mia chache, wakati vibamba huuachia upite.

Kwa sirusi ya kawaida, uwiano wa mtetemo wa pembeni dhidi ya ule wa asili huwa kati ya 0.3 na 0.5. Moshi wa kuchoma mashamba huwa chini sana ya hapo. Vumbi linaweza kukaribia 0.3, lakini ukiwa na rangi mbili utaliona: fuwele kubwa hurudisha 532 na 1064 karibu sawa, chembe ndogo za moshi au za vumbi laini hurudisha ya kijani zaidi. Na kimo kinasaidia. Vumbi la barabara ya Simanjiro halifiki kilomita 12.

Ukitaka unene wa kimwanga wa wingu, rekebisha ile nusu ya mwanga inayosonga mbele bila kutoka kwenye uwanja wa darubini. Mwanga huo hufanya wingu lionekane jembamba kuliko lilivyo. Kwa lida iliyo angani, inayoona duara la makumi ya mita, kigawanyo cha 0.5 hadi 0.8 ndicho hutumika: ukipima 0.6 na kigawanyo ni 0.6, unene wa kweli ni 1. Lida ya ardhini yenye darubini finyu iko karibu zaidi na 1. Usinakili kigawanyo cha setilaiti kwenye mashine yako ya Arusha.

Hatua ya 7: Hakikisha kwa picha za kawaida, ukikwepa mtego wa Kibo

Setilaiti ya picha ya Sentinel-2 ina bendi ya 10, karibu na mikromita 1.38, na zile za Landsat 8 na 9 zina bendi ya 9 ya aina hiyo. Mvuke wa maji wa chini hunyonya mwanga wa bendi hii wote, ardhi inakuwa nyeusi, na kinachong'aa ni kilicho juu ya mvuke, yaani sirusi. Kwa Moshi, Hai, Arusha na Monduli inafanya kazi vizuri, hasa masika na vuli hewa ikiwa na unyevu.

Ila Kibo yenyewe iko juu ya sehemu kubwa ya mvuke huo. Siku kavu, kilele chake na theluji yake vitang'aa kwenye bendi hii, na kichujio cha kompyuta kitakiita wingu siku ambayo hakuna hata uzi. Ukitegemea kichujio hicho utatupa siku safi za barafu na kubaki na zenye unyevu. Kwa maeneo ya juu ya mita 4,000, Meru ikiwemo, achana na bendi hiyo na utumie Meteosat, setilaiti ya hali ya hewa inayopiga picha kila dakika 15. Toa joto la bendi ya mikromita 12.0 kwenye lile la 10.8; tofauti ikipanda kuliko ya anga safi ya jirani, juu kuna sirusi nyembamba.

Dakika 15 zina maana. Sirusi ikisukumwa na upepo wa mashariki wa mita 15 kwa sekunde husafiri kilomita 54 kwa saa, kwa hiyo utandu uliokuwa juu ya Moshi utakuwa juu ya Arusha ndani ya saa moja na nusu. Picha ya Sentinel-2 ya saa nne na nusu asubuhi haiwezi kukuambia lolote kuhusu GEDI iliyopita saa nane usiku. Chukua picha ya Meteosat iliyo karibu kabisa na dakika ya mpigo, na uihifadhi kwenye folda moja na faili la leza, jina la faili likiwa na tarehe na saa ya dunia.